Mkono Nyuma ya Mti wa Mvule

Watoto wa Petta, mwalimu mkuu wenu ameniomba niwaandikie onyo. Mwalimu Akisa alisema liwe la ukurasa mmoja, liwe kali, na libandikwe ukutani karibu na kabati la vitabu: acheni kuchora ndani ya vitabu vipya vya Punda Shauri. Alinichagua mimi kwa sababu mimi ndiye niliyevichora vile vya zamani, akadhani hakuna mwenye uchungu na vitabu hivyo kunishinda. Ni kweli, ninao. Lakini ukurasa mmoja hautanitosha, na ule ukali nimeutafuta tangu asubuhi sijauona.

Mimi ni Othieno wa Mwello. Nilichora picha za vitabu vya watoto tangu nikiwa na meno yote mpaka nikabaki na haya machache mliyoyaona nikicheka. Kiwanda chetu kilikuwa Tororo, nyuma ya duka la mbegu. Nasema kiwanda kwa sababu ndivyo kibao kilivyosema. Kilikuwa chumba kimoja, mtambo mmoja wa kuchapa na watu watatu. Bwana Wandera, Msamia wa Busia, ndiye aliyekuwa mwenye mtambo na mtunzi wa hadithi. Alizitunga akitembea huku na huku anatafuna njugu, na maganda yake nilikuwa nayaokota kwenye rangi zangu. Wa pili alikuwa Adikini, mama wa hapa hapa Petta, mpanga herufi. Zamani hizo kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi, na mtu alizipanga moja moja kwenye fremu mpaka zikawa neno, kisha mstari, kisha ukurasa. Wa tatu nilikuwa mimi, mchoraji, kwa maana kwamba hakupatikana mwingine.

Leo nasikia wasomi wanavisifu vitabu vyetu. Mmoja alikuja kwangu na kinasa sauti, akaniuliza ni nadharia gani ya malezi iliyotufanya tuandike sentensi fupi fupi vile. Aliniambia sentensi zile ni siri ya kupendwa kwa Punda Shauri kwa miaka yote hii. Nikamtazama kijana wa watu, nikamwonea huruma. Herufi zetu zilinunuliwa kuukuu kutoka kwa watu waliokuwa wakichapa Kiingereza, na Kiingereza hakili herufi A kama Kiswahili. Zikiisha A, hadithi imeisha. Adikini alikuwa akipaza sauti kutoka kona yake, "Wandera, A ziko karibu kwisha, huyo punda afike nyumbani!" Na punda alifika nyumbani, akitaka asitake. Hiyo ndiyo nadharia yetu ya malezi.

Rangi nazo ni vivyo hivyo. Tulikuwa na nyeusi na nyekundu tu, kwa hiyo jua lilikuwa jekundu, embe jekundu, na punda mwekundu. Kuna mtoto wa Mwello alimwona punda wa kweli kwa mara ya kwanza, akalia akisema huyu wamempaka rangi ya majivu, si punda. Mama yake alikuja kunigombeza mimi, hakwenda kumgombeza mwenye punda.

Nyinyi mnaochora siku hizi kwa kidole juu ya kioo, mkikosea mnagusa mahali fulani na kosa linaondoka. Sisi kosa lilichapwa nakala mia tano, likafungwa kamba, likapandishwa baiskeli hadi mpakani, Busia na Malaba. Katika kitabu cha pili nilimchora punda wetu na miguu mitano. Wandera alisoma kurasa zote asione. Wakaguzi wa elimu walisoma, wakapiga mhuri. Mtu mzima husoma maneno, basi. Mtoto wa darasa la pili wa Malaba ndiye aliyetuandikia barua: "Punda ana mguu mmoja zaidi, ni wa nani?" Tangu siku hiyo nilijua ninamfanyia nani kazi. Ukimchorea mtoto, kumbuka kwamba yeye huhesabu miguu.

Sasa nije kwenye mkono, maana ndio uliowaingiza nyote katika shida na mwalimu wenu.

Katika kitabu cha kwanza, Punda Shauri anapeleka maembe sokoni. Ukurasa wa saba anasimamishwa barabarani na askari, chini ya mti wa mvule. Nilimchora askari kamili, kofia, vifungo, mkanda, na viatu vya kung'aa. Nilijivunia viatu vile. Kilichonishinda kilikuwa mkono. Nilikuwa fundi wa masikio ya punda, lakini mkono wa mtu ulinishinda kabisa. Adikini alipita na trei yake ya herufi, akachungulia.

"Othieno, hii si mkono. Hii ni kichane ya ndizi."

"Basi nionyeshe wewe."

Akatoka nje ya mlango, akajificha nyuma ya ukuta, akaingiza mkono peke yake kupitia mlangoni, kiganja kimefunguka. "Chora hii," akasema kutoka nje. "Uso yangu wacha hapo hapo." Hakupenda kutazamwa, wala hakupenda kupigwa picha. Nikachora. Kidole chake kidogo kilikuwa kimejipinda kwa ndani, maana mtambo uliwahi kumbana kabla mimi sijaajiriwa, na mfupa ukaunga vile ulivyotaka wenyewe. Nilikichora kilivyo. Alisimama pale hadi nikamaliza, mkono haukutetemeka hata kidogo.

Wandera alikuja, akaangalia picha, njugu zikasimama mdomoni.

"Hii kofia ni ya wapi?"

"Ya askari."

"Askari wa wapi? Ukichora wa Uganda, kule Kenya watasema hiki si kitabu chao. Ukichora wa Kenya, hapa watasema nini? Mimi nauza kwa wote. Toa huyo mtu!"

Huo ndio uliokuwa utaratibu wetu, na sidhani kama kuna wachoraji wengine waliofanya kazi hivyo. Hakuna bendera, hakuna namba ya gari, hakuna sare ya shule inayojulikana, hakuna noti. Kila kitu kiwe cha hapa na kisiwe cha popote. Nilichukua rangi nyeupe ya kufutia, nikaanza na kofia. Nikafuta uso, nikafuta vifungo, nikafuta viatu vyangu vizuri kwa machozi, mahali pake nikaongeza shina la mvule. Nilipofika kifundo cha mkono, kopo likawa tupu. Kopo jingine lilikuwa Busia, na mtambo ulikuwa unasubiri.

"Wacha hapo," Adikini akasema. "Hiyo ndiyo mkono ya kwanza umechora ikafanana na mkono."

Kitabu kikatoka hivyo hivyo. Punda amesimama na maembe yake, anatazama mti, na nyuma ya mti umetokeza mkono mtupu uliofunguka. Hakuna maelezo. Wajuao njia zetu za mpakani wataelewa kwa nini hakuna mtu mzima aliyeuliza mkono ule unataka nini.

Watoto ndio waliouliza. Barua zilikuja kutoka pande zote mbili, zimeandikwa kwa penseli, zinanuka samaki na karanga. Ni wa jini? Ni wa shangazi? Anaomba embe? Wandera akanusa biashara. Akaagiza mkono uwe katika kila kitabu, na mwenyewe asionekane kamwe. Nikautokeza nyuma ya ghala la mtama, nyuma ya mlango wa kanisa, kwenye dirisha la lori katika foleni ya Malaba. Kila kitabu Adikini alitoka nje ya mlango na kuingiza mkono, nami nikauchora upya. Vitabu kumi na viwili, mikono kumi na miwili, na ukinifumba macho leo naweza kukuonyesha makunyanzi yake yalivyoongezeka kutoka cha kwanza hadi cha mwisho.

Watu wanauliza kwa nini vitabu vya picha vya zamani havifi. Wakubwa husema ni maadili. Punda Shauri alikuwa na maadili kila mwisho wa kitabu, ndiyo, na sijapata kukutana na mtu hata mmoja anayeyakumbuka. Nimekutana na madereva, manesi, hata padri mmoja, wakaniambia, "Mzee, nilikuwa naruka kurasa natafuta mkono."

Basi baada ya kitabu cha nne akaja afande mmoja kiwandani. Sitasema wa upande gani, nimezoea kutosema. Aliweka kitabu mezani, akagonga ukurasa kwa kidole. "Huyu mnamsema nani? Lisemwalo lipo."

Wandera akaweka mkono kifuani. "Afande! Huo ni mkono wa upande wa pili."

Uso wa afande ukachanua. Akacheka mpaka akashika meza, akabeba vitabu sita vya wanawe. Haikupita miezi miwili akaja mwenzake, wa upande wa pili, na swali lile lile. Alipewa jibu lile lile, akacheka vile vile, naye akabeba. Hiyo ndiyo ilikuwa siasa yetu ya mambo ya nje, na ilidumu kuliko serikali kadhaa.

Nami nikalizoea jibu hilo. Likawa tamu mdomoni. Kila aliyeniuliza, mtoto au mkubwa, nilimjibu, "Wa upande wa pili," watu wakacheka, nikaonekana mcheshi. Juu ya kila jalada kulikuwa na majina mawili, la Wandera na langu. Nani aliyeyapanga? Adikini, herufi moja moja, kwa mkono ule ule. Siku moja nilimuuliza, kwa kupitisha muda tu, "Mbona wewe hujiweki?" Hakuinua kichwa. "A zimeisha," akasema. Nikaona ni mzaha mzuri, nikacheka sana, nikamsimulia Wandera, naye akacheka.

Nilikuwa nimezeeka tayari nilipokaa chini nikahesabu. Jina lake lina A moja tu. La Wandera lina mbili, nalo halikukosa jalada hata mara moja.

Adikini alipofariki, watu wa kwao hapa Petta walitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, wakakosa. Wakaweka kitambaa cheupe. Nilikuwepo, nimekaa mstari wa pili na tai shingoni, na nyumbani kwangu kulikuwa na vitabu kumi na viwili vyenye mkono wake. Sikusimama kusema. Nilijiambia kwamba msibani si mahali pa kuzungumza habari za kazi. Huo ulikuwa woga, watoto wangu, na mpaka leo unanichoma.

Mwaka jana nikaitwa Busia, kwenye ukumbi wa hoteli. Nchi mbili zilikuwa zimeamua kuvitoa upya vitabu vya Punda Shauri kwa shule za pande zote za mpaka, na mimi nilikuwa mdau. Nilipewa kadi ya kuvaa shingoni iliyoandikwa hivyo, Mdau, bila jina. Kulikuwa na maji ya chupa na peremende, na dada mratibu mwenye sauti ya redio aliyetugawa katika vikundi.

Kikundi cha kwanza kilisema punda kubebeshwa mzigo ni ukatili kwa wanyama. Maembe yakatolewa. Nikauliza kwa adabu, basi anakwenda sokoni kufanya nini? Nikaambiwa anakwenda kujifunza. Kikundi cha pili kikasema punda mwekundu atawachanganya watoto. Akawa wa kijivu. Kikundi cha tatu kilikuwa kimelala, nacho kikasifiwa kwa kufikia mwafaka. Niliyavumilia yote hayo, maana mchagua jembe si mkulima. Nilichokuwa nasubiri ni kitu kimoja tu, ukurasa wa saba.

Ukatupwa ukutani kwa mashine ya mwanga, mkubwa kama mlango. Mkono wa Adikini, na kidole chake.

Maafisa wawili walikaa meza moja, mmoja wa kila upande. Huyu akamtazama yule, yule akamtazama huyu.

"Mkono mtupu haulambwi," wa Uganda akasema polepole. "Hii inaomba kitu. Lakini sisi kwetu hatuna mkono kama hii."

"Hata sisi hatuna," wa Kenya akasema. "Tena ukiangalia vizuri, umetokea upande wa kushoto. Kushoto ni wapi ukitoka Tororo?"

Wakaanza kupima mti na barabara. Mtu akaleta rula. Ilipofika karibu wakati wa chakula, wote wawili wakanigeukia mimi.

"Mzee wetu, hapa hakuna noma," akasema wa Kenya. "Tuambie tu. Ni mkono wa upande gani?"

"Sema tu, mzee. Sisi hatukasiriki," akasema mwenzake, ameshakasirika.

Jibu langu la siku zote lilikuwa mdomoni tayari, ila safari hii pande zote mbili zilikuwa meza moja. Nikasimama.

"Ni mkono wa Adikini," nikasema.

"Adikini ni askari wa wapi?"

"Si askari. Alikuwa mpanga herufi wetu. Mtu wa Petta. Ameshafariki, na hana picha nyingine duniani ila hiyo. Nawaomba msiifute."

Ukumbi mzima ukageukia ukuta. Nikafikiri nimewagusa. Mratibu akaandika kitu, akainua kichwa.

"Kwa hiyo ni mkono wa mwanamke," akasema. "Mwanamke anaomba barabarani. Hilo ni suala la jinsia."

Waliukubali uamuzi wa kuutoa kwa makofi. Mratibu alisema ni mara ya kwanza tangu semina ianze kwa nchi zote mbili kukubaliana bila kupinga. Tukaenda kula. Kuku alikuwa mzuri, siwezi kumsingizia, lakini sikummaliza. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo wanavyosema, na mimi niliyekuwapo nilichelewa miaka mingi mno.

Kitabu kipya mnakijua. Karatasi inateleza, rangi zote za dunia zimo. Ukurasa wa saba, punda wa kijivu asiye na mzigo anasimama katikati ya njia, anainamisha kichwa, anausalimia mti.

Ndipo mwezi uliopita nikapokea simu ya Mwalimu Akisa. Vitabu vilikuwa na wiki mbili tu shuleni, na watoto walikuwa wameviharibu. Nikapanda pikipiki nikaja. Alikuwa amevipanga juu ya meza ofisini, vyote vimefunguliwa ukurasa wa saba, na nyinyi mmesimama ukutani mmenuna kama watu waliokamatwa na magendo.

"Tazama, mzee," akasema. "Tazama hawa wamefanya nini kwa kazi yako."

Nikatazama. Nyuma ya kila mvule kulikuwa na mkono. Kwa kalamu ya bluu, kwa penseli, mmoja kwa mkaa. Mmoja ulikuwa kama mwiko. Mmoja ulikuwa na vidole saba na saa. Nikavaa miwani, nikainama, nikavipitia kimoja kimoja hadi cha mwisho, na Mwalimu Akisa akadhani nahesabu hasara. Katika kila kitabu, hata kile chenye mkono wa vidole saba, kidole kidogo kilikuwa kimejipinda kwa ndani.

"Nani amewaonyesha hivi?" nikauliza.

Apio akatoka mstarini. Alikuwa na kitabu cha kwanza cha zamani, cha bibi yake, hakina jalada, na pembe moja imeliwa na mbuzi. Akanifungulia.

"Huko kwa mpya walisahau mkono, mzee," akaniambia. "Sisi tumewasaidia."

Apio akaendelea, maana mtoto huyu haogopi mtu. "Mzee, na hii mkono ni ya nani?"

Midomo yangu ilijua njia yake, ikaanza kusema, "Wa upande wa..." Nikaizuia. Nikaketi kwenye kiti cha mwalimu bila kukaribishwa.

"Ni wa Adikini," nikasema. "Alikuwa anapanga herufi. Alizaliwa hapa. Amezikwa pale ng'ambo ya kisima, kwa akina Owor."

Kisha mmoja wenu wa nyuma, sikumwona uso, akasema, "Kumbe ni mkono ya kwetu."

Miaka yote ile maafande wa nchi mbili waliuliza mkono ni wa nani, na hakuna aliyeutaka. Nyinyi mmeutaka bila hata kujua. Mwalimu Akisa alidhani nalia kwa sababu ya vitabu vilivyoharibika, akaniletea chai na kuniahidi onyo litabandikwa mahali pa wazi.

Haya basi, Mwalimu, onyo lako hili hapa, na ni kali.

Ni marufuku kuchora mkono kwa kalamu ya wino. Wino unapenya hadi ukurasa wa nane na kumchafua punda. Tumieni penseli iliyochongwa, na muishike juu kidogo, msiikabe koo. Anzeni na kifundo, vidole vitafuata vyenyewe. Dole gumba litazame juu. Apio, lako liko upande usio wake, lirekebishe. Vidole ni vitano, na saa hakuwa nayo. Kidole kidogo kipindeni kwa ndani, mkikinyoosha mtakuwa mmemchora mtu mwingine.

Na mkimaliza, andikeni jina lake chini yake, kwa herufi kubwa, lisomeke. A hazijaisha.